Kutafuta ukoo wako katika nyaraka za Nairobi: mwongozo kamili

Wengi huingia Jumba la Makavazi ya Kitaifa, pale Moi Avenue, wakiwa na jina la babu tu, na hutoka mikono mitupu. Wahudumu hawana kosa. Nyaraka za serikali zimepangwa kwa ofisi iliyoziandika: mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, idara ya kazi, mahakama. Babu yako, kama yumo, yumo ndani ya barua ya wilaya fulani ya mwaka fulani, akilalamikia mpaka wa shamba au akitajwa miongoni mwa wazee wa baraza. Ukifika kaunta lazima ujue aliishi wapi, miaka gani, chini ya chifu yupi. Jina hufuata baadaye.

Hatua zilizo hapa chini zinafuata mpangilio huo, kutoka nyumbani hadi kwenye faili, halafu kurudi nyumbani na ulichokipata.

Anza na walio hai

Makaratasi yaliyokaa miaka tisini yatakaa mwaka mwingine. Shangazi mwenye miaka tisini usimwekee ahadi hiyo.

Kabla hujauliza lolote, eleza unachotaka. Katika nchi hii, mtu akianza kuuliza babu alioa wake wangapi na nani alizaliwa nyumba gani, wajomba na baba wadogo huona shamba. Watashuku kuna kesi ya mirathi inaandaliwa, na majibu yatakuwa nusunusu. Nenda na mtu wanayemheshimu, sema wazi kwamba unaandika historia ya ukoo na kila nyumba itapewa nakala, kisha usitaje hati ya shamba siku ya kwanza. Omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti cha simu, na mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, mahali na jina la anayezungumza. Rekodi isiyo na hayo, baada ya miaka kumi, ni sauti ya mzee asiyejulikana.

Usiulize tarehe za kuzaliwa, kwa sababu utapewa za kwenye kitambulisho, na kwa wazee wengi hizo zilikadiriwa na karani: mwaka mtupu, au tarehe 1 Januari. Uliza matukio. Nzige walipovamia, alikuwa amebebwa mgongoni au anatembea? Hali ya hatari ilipotangazwa, alikuwa darasa la ngapi? Chifu alikuwa nani? Kodi ililipwa wapi, na soko lilikuwa lipi? Kila jibu hapo ni mahali au mwaka, na hizo ndizo funguo za makavazi.

Uliza pia rika. Wakikuyu waliita rika kwa jina la tukio la mwaka wa tohara, kwa hiyo jina la rika ni tarehe iliyofichwa. Kwa Wakalenjin majina ya marika, kama Chumo, Sawe, Kaplelach na Nyongi, huzunguka na kurudi baada ya takriban karne. Ukiambiwa babu wa babu alikuwa Sawe, hakikisha unazungumzia Sawe wa mzunguko upi.

Utaratibu wa majina nao ni ushahidi, na pia ni mtego. Kwa Wakikuyu mwana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, wa pili la baba ya mama yake, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Ukijua majina ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, unaweza kukisia ya babu na bibi pande zote mbili. Lakini kwa utaratibu huohuo Njoroge wa Kamau humzaa Kamau wa Njoroge, naye humzaa Njoroge wa Kamau mwingine. Katika rejista mbili zilizopishana miaka hamsini watu hao wawili wataonekana mmoja. Usiunganishe majina mawili mpaka kitu cha tatu kikubaliane: mke, kijiji au rika.

Palipo na wake wengi, andika kwa nyumba, usiandike orodha moja ya watoto wa mzee. Waluo hutofautisha kabisa nyumba ya mikayi (mke wa kwanza), ya nyachira (wa pili) na ya reru (wa tatu), na ugomvi mwingi wa ardhi utakaoukuta mahakamani haueleweki bila mpangilio huo. Halafu kuna mambo ambayo programu za kompyuta hazikuyafikiria: mjane aliyerithiwa na shemeji, na watoto waliofuata wakahesabiwa kuwa wa marehemu, na mwanamke aliyeoa mwanamke ili nyumba isife, kama ilivyofanyika kwa Wakuria, Wanandi na Wakamba. Andika baba wa damu na baba wa mila katika mistari miwili tofauti, kama vyote viwili vinajulikana na wahusika wamekubali viandikwe. Usijaribu kuwasahihisha wazee ili mti wa ukoo upendeze kwenye skrini.

Sanduku lililo chini ya kitanda

Omba kuona makaratasi. Utaletewa kadi ya ubatizo, cheti cha shule, risiti za kodi, barua za kutoka kazini, na kwa bahati kipande chenyewe, yaani cheti cha usajili cha enzi za ukoloni. Sheria ya kipande ilitungwa 1915 na ikaanza kutekelezwa vita vya kwanza vilipokwisha. Mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba, na ndani yake mna alama za vidole, wilaya anakotoka, na majina ya waajiri mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyefanya kazi Naivasha, kisha reli, kisha kwa mwajiri wa Parklands, ameandikiwa historia yake bila kukusudia.

Kuliko vyote, mimi huthamini kijitabu cha mazishi. Kile cha kurasa chache chenye picha ya marehemu, ratiba ya ibada na wasifu. Kimeandikwa na kamati iliyokaa usiku kucha ikibishana nani atajwe na nani aachwe, kwa hiyo kina wake, watoto kwa mpangilio, wakwe, wajukuu, ndugu wa marehemu, wakati mwingine shule na kazi zote. Watu huvitupa baada ya wiki moja. Zungukia nyumba za jamaa ukusanye vyote unavyoweza. Kumbuka tu kwamba wasifu wa mazishi ni makubaliano ya familia: aliyeachwa nje ni habari pia.

Picha zigeuze nyuma. Muhuri wa studio hukupa mji, na mara nyingine mwandiko wa penseli hukupa mwaka.

Geuza kumbukumbu kuwa mwaka na wilaya

Chora mstari wa matukio ukutani au daftarini, kisha watundike watu wako juu yake. Ya kuanzia ni haya: njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19 na reli kufika Nairobi 1899, mafua ya 1918, nzige wa mwaka 1928 na kuendelea, njaa ya 1943, ambayo Wakikuyu huiita ya mihogo, hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, Operesheni Anvil ya tarehe 24 Aprili 1954, iliyozoa maelfu ya watu kutoka mitaa ya Nairobi, na 1961, mwaka ambao Wakamba huutaja kwa ndege zilizodondosha chakula, Yua ya Ndeke.

Kisha tafuta mahali penu paliitwaje wakati huo. Murang'a iko chini ya Fort Hall. Kakamega iko North Kavirondo, Kisii iko South Kavirondo, na Kisumu ya mwanzo kabisa ni Port Florence. Nyahururu ni Thomson's Falls, Webuye ni Broderick Falls. Mipaka pia ilihama: Kiambu mwanzoni ilihesabiwa mkoa wa Ukamba, na asiyejua hilo atapekua faili za mkoa usio wake.

Majina ya watu yaliandikwa na makarani waliosikia kwa masikio yao wenyewe. Kabla ya kwenda, tengeneza orodha ya tahajia zote unazoweza kufikiria: Kariuki na Karioki, Odhiambo na Odiambo, Wafula na Wafulla.

Ndani ya Jumba la Makavazi

Taasisi hii iliundwa kwa sheria ya 1965, na jengo lilikuwa benki kabla ya hapo. Ghorofa ya chini ina mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, aliyekuwa mtoto wa baba Mgoa na mama Mmaasai. Utazame, lakini kazi yako iko juu, kwenye chumba cha utafiti. Nenda na kitambulisho, ada ndogo ya usajili, daftari na penseli, mkoba utauacha. Anayefanya utafiti wa kitaaluma, hasa asiye raia, atahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kisheria nyaraka za umma zilizofikisha miaka 30 ziko wazi kusomwa.

Usianze kwa kuagiza faili. Anza na orodha za faili, na uzisome kwa utulivu. Kila kundi lina herufi zake: DC/FH ni mkuu wa wilaya ya Fort Hall, DC/MKS ni Machakos, PC/NZA ni mkuu wa mkoa wa Nyanza, PC/COAST ni Pwani. Ukishaijua wilaya, kundi lako unalo, na ndani yake vitu vya kutafuta kwanza ni hivi.

Ripoti za mwaka za wilaya hazitakupa babu, ila zitakupa jirani zake wote: machifu walioteuliwa na kufukuzwa, njaa, magonjwa, barabara, shule. Zisome ili ujue uulize nini. Ripoti za kukabidhiana ofisi ni bora kidogo, kwa sababu mkuu anayeondoka alimwandikia mwenzake kwa uwazi nani mkorofi na nani wa kuaminiwa. Vitabu ambavyo orodha inaviita Political Record Book vina historia za koo na wasifu wa machifu na wazee. Soma kwa tahadhari: chifu alijieleza kwa mzungu kama alivyotaka kujulikana.

Kwa mtu wa kawaida, ambaye hakuwa chifu, dhahabu iko kwenye kesi. Mahakama za wenyeji zilisikiza madai ya mahari, mifugo na mipaka, na ili mtu athibitishe shamba ni lake ilibidi ataje baba, babu, na aliyekata msitu kwanza. Kumbukumbu za mabaraza ya wenyeji yaliyoanza katikati ya miaka ya 1920 nazo zina malalamiko yenye majina.

Familia za Kiambu, Murang'a na Nyeri zisiondoke bila kuuliza ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter kati ya 1932 na 1934. Ushahidi ulichapishwa kwa majuzuu matatu. Mbari kwa mbari, wazee walisimama wakataja mashamba yaliyochukuliwa na nani aliyamiliki. Jamii nyingine pia zilitoa ushahidi, Wamaasai na watu wa Nyanza wakiwemo. Kwa nasaba, sijui chapisho la kikoloni linalolishinda.

Kila unachonakili, andika rejea nzima papo hapo: herufi za kundi, namba zote, tarehe ya barua, ukurasa. Uliza kabla ya kupiga picha kwa simu, na piga kwanza jalada la faili, ndipo kurasa.

Utakutana na mapengo, na si kila pengo ni uzembe. Moto wa 1939 katika makao ya serikali jijini uliteketeza faili nyingi za serikali kuu. Kuelekea uhuru, wakoloni walichoma nyingine na kusafirisha nyingine Uingereza. Sensa ya 1948, ya kwanza kuwahesabu Waafrika kwa ukamilifu, inakupa jumla za wilaya. Usiitafute kwa majina ya kaya.

Kanisa, msikiti, parokia

Uandikishaji wa vizazi ulianza na Wazungu 1904 na Waasia 1906. Kwa Waafrika sheria ilienea eneo kwa eneo, ikafika nchi nzima 1971. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa 1930 kijijini hayumo kwa msajili wa vizazi na vifo, lakini huenda yumo kwenye rejista ya ubatizo.

Tafuta misheni iliyokuwa karibu zaidi wakati huo, hata kama leo si kanisa lenu. Rabai ni ya 1846, Thogoto 1898, St. Austin's hapa Nairobi 1899, Kaimosi 1902, na mwaka huohuo Wakonsolata, wamisionari Wakatoliki, walifika Tuthu kule Murang'a. Piga simu ofisi ya parokia, eleza mtu unayemtafuta, kadiria miaka, kisha nenda siku ambayo si Jumapili. Rejista za Kikatoliki za zamani zimeandikwa Kilatini. Ukijua kwamba natus ni aliyezaliwa na patrinus ni msimamizi wa ubatizo, mengine yataeleweka. Angalia ukingo wa ukurasa: mtu aliyebatizwa kisha akafunga ndoa ya kanisa huandikiwa ndoa hiyo pembeni ya ubatizo wake, pamoja na mahali ilipofungwa. Hivyo ndivyo utamfuata mtu aliyehama kutoka Murang'a hadi Bonde la Ufa.

Kwa Waislamu, anza na mahakama ya Kadhi, penye ndoa, talaka na mirathi. Familia za Wanubi wa Kibera zitafute pia upande wa jeshi la kikoloni, KAR (King's African Rifles), kwa sababu babu zao walikaa pale kama askari.

Ardhi na mirathi

Hapa ndipo serikali ya leo imekuandikia mti wa ukoo bila kukuambia. Mtu akifa akaacha mali, waombaji wa mirathi hupeleka kortini barua ya chifu inayotaja warithi wote, na kiapo katika fomu ya P&A 5 kinachorudia majina hayo. Kwa kuwa Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, hugawa mali ya mwenye wake wengi kwa kuzingatia nyumba, faili huonyesha kila nyumba na watoto wake. Pakitokea pingamizi, ndugu huapa hadithi mbili zinazopingana. Soma zote mbili.

Ili ujue kesi iko korti gani na namba yake, pitia Gazeti Rasmi la Kenya, linalotoka Ijumaa. Kila ombi la mirathi hutangazwa humo na kupewa siku 30 za pingamizi. Matoleo mengi ya zamani yamewekwa mtandaoni na yanatafutika kwa jina, kwa hiyo kazi hii unaifanya ukiwa kitandani.

Upande wa ardhi, kadi ya kijani kwenye masjala ya ardhi huonyesha wamiliki wote tangu usajili wa kwanza, na katika mikoa ya kati usajili huo ulianza miaka ya 1950, mashamba yalipounganishwa. Masjala ya Nairobi iko Ardhi House, na huduma nyingi zimehamia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa 2021. Usimwamini sana aliyeandikwa: mara nyingi kifungua mimba alisajiliwa kwa niaba ya nduguze, na mgogoro wa leo umeanzia pale.

Magazeti, na yaliyo ng'ambo

Maktaba ya McMillan, Banda Street, iliyofunguliwa 1931, ina magazeti ya zamani ya East African Standard. Ulizia kwanza kama yanapatikana, maana jengo limekuwa katika mpango wa ukarabati. Kurasa za matangazo ya vifo katika magazeti ya baadaye hufanya kazi ileile ya kijitabu cha mazishi, kwa ufupi.

Ripoti za mikoa na wilaya zilipigwa filamu na Chuo Kikuu cha Syracuse miaka ya 1960, kwa hiyo binamu aliye Marekani anaweza kuzisoma bila kupanda ndege. Faili zilizosafirishwa Uingereza, karibu 1,500 za Kenya, zilijulikana hadharani 2011 wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau. Sasa ziko katika makavazi ya taifa ya Uingereza, Kew, London, kundi la FCO 141. Ni za sera zaidi kuliko za watu, isipokuwa kama jamaa yako alizuiliwa kambini. FamilySearch, tovuti ya nasaba, ni ya bure na inafaa kujaribiwa, lakini miti iliyopandishwa na watu binafsi ichukue kama uvumi mpaka uone karatasi.

Kutunza mlichokusanya

Usilamineti. Najua hati na vyeti vya nchi hii vyote hupelekwa kwenye mashine ile, lakini joto na plastiki haviondoki tena, na karatasi huharibikia ndani. Toa pini na utepe unaotoka bila kuvuta, tia kila waraka kwenye bahasha yake ya karatasi, weka sanduku juu ya rafu mbali na ukuta unaovuja na mchwa. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, si kalamu. Skani karatasi kwa dpi 300 na picha ndogo kwa 600. Ipe faili jina linaloanza na mwaka, kisha ukoo, kisha kitu chenyewe. Weka nakala sehemu tatu, moja ikiwa nje ya Nairobi. Gramps ni programu ya bure isiyohitaji intaneti, na inakubali mtu mwenye wake kadhaa bila kulalamika.

Habari za walio hai zisiwekwe mtandaoni bila ridhaa yao. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna pia yule binti aliyezaliwa nje ambaye hajaambiwa.

Mkusanyiko ukiwa mkubwa, ulizeni Makavazi au maktaba ya chuo kikuu kama watapokea. Kabla ya kukabidhi, andikeni nani ataruhusiwa kusoma, nini kifungwe na kwa miaka mingapi, na nani atatia saini kwa niaba ya nyumba zote. Hilo la saini litachukua muda kuliko mengine yote, kwa hiyo lipelekeni kwenye mkutano wa Disemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani.